Maziwa Hayafiki Nyuma ya Jicho

Kwa siku kumi na saba nilikamua maziwa ya kifua changu ndani ya jicho la kushoto la mama mkwe wangu. Asubuhi mara moja, alasiri mara moja. Alikuwa anajilaza kwenye mkeka, kichwa juu ya paja langu, analifungua jicho kwa vidole viwili, na mimi namwinamia kama mtu anayetaka kunong'ona. Matone matatu. Halafu anafumba, maziwa yanamtiririka hadi sikioni, ananishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, binti yangu." Mwanangu wa miezi minne alikuwa pembeni, analia kwa sababu ziwa lake limechukuliwa na mtu mzima.

Jicho lenyewe, ukilitazama, lilikuwa zima. Hilo linaniudhi mpaka leo. Jeupe palipotakiwa kuwa peupe, jeusi palipo peusi, halina tongo, halijavimba, halitoi chozi. Damu ilikuwa nyuma, ndani kabisa, mahali ambapo nyumbani kwetu hakuna aliyejua kwamba kuna mahali. Isipokuwa mimi. Mimi nilijua, kwa sababu nilifundishwa. Nilipokuwa lise, shule ya sekondari, nilichora jicho lililokatwa katikati, nikaweka mishale, nikaandika "retina" kwa kalamu nyekundu, nikawashinda wavulana wote wa darasa. Halafu nikaolewa, nikazaa, nikaambiwa kamua, nikakamua.

Mambo yalianza na mchanga.

Tunakaa Rumonge, mtaa wa Waswahili, karibu na soko la samaki. Mama mkwe anauza ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Ndagala wanaanikwa juu ya mchanga, na mchanga unawaganda. Wauzaji wengine wanapepeta mara mbili, wanapanga mafungu, basi. Yeye alikuwa anachambua kwa mkono juu ya ungo, anatoa vijiwe na vipande vya konokono, hata punje ambayo mimi mwenye macho ya miaka ishirini na mitatu siioni. Wanawake waliotoka Kizuka na mawese yao walikuwa wanampita muuzaji wa kwanza na wa pili ili wamfikie yeye, kwa sababu ndagala wake hawavunji meno.

Mimba yangu ilipokuwa kubwa, wateja walianza kurudi na maneno. Mmoja alisimama mbele ya meza, mkono kiunoni.

"Dada, juzi umeniuzia ziwa zima. Samaki na mwambao wake."

"Mchanga hauna mfupa," mama mkwe akamjibu. "Tafuna."

Watu wakacheka. Lakini jioni nilipitisha mkono kwenye ungo wake nikakuta vijiwe, vingi, vikubwa. Nikamwambia, "Mama, siku hizi huangalii." Akasema anaangalia. Nikamwambia basi anaangalia kwingine. Akaufunika ungo wake, na mimi nilidhani nimemshinda.

Nilikuwa na sababu yangu ya kumshuku. Tulikubaliana kwamba mtoto akifika miezi minne, yeye atakaa naye asubuhi, na mimi nitakwenda kufundisha kwenye shule ya watoto wadogo upande wa Gatete. Kazi nilikuwa nimeahidiwa. Na wiki ileile ambayo ningeanza, yeye aliamka, akakaa kitandani, akaita nyumba nzima.

"Kuna mutu amemwaga wino mu jicho yangu."

Alisema kwanza zilishuka nyuzi nyeusi, halafu moshi, halafu kama pazia. Tukamuuliza. Inauma? Haiumi. Inawasha? Haiwashi. Umejigonga? Wapi! Mume wangu akammulika kwa simu, akamgeuza huku na huku.

"Mama, jicho iko safi kabisa."

Mimi nilicheka kidogo, puani. Naandika hivyo ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilijisemea: ameanza. Hataki niende kazini, sasa ametafuta ugonjwa usioonekana.

Kwenye kituo cha afya foleni ilikuwa hadi nje. Muuguzi alimmulika, akasema hakuna wekundu, labda ni vumbi, labda ni uzee, akatoa dawa ya kupaka. Aliuliza swali moja la maana. "Mama, una ugonjwa mwingine?" Mama mkwe akasema, "Hapana." Muuguzi hakupima damu, hakupima tansyo, yaani presha, alishamwita mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni, na nilichowaza ni kwamba tumepoteza asubuhi.

Dawa ya kupaka haikufanya kitu. Ndipo akaja dada yake, ambaye mume wangu anamwita mama mkubwa na mimi vilevile. Yeye ndiye mganga wa ukoo bila kusomea. Alilivuta lile jicho chini, akalivuta juu, akageuka kunitazama kifuani.

"Huyu ananyonyesha mwanamuke?"

"Mwanamuke," mama mkwe akasema.

"Basi dawa iko humu ndani. Maziwa ya mutoto mwanaume iko na moto. Ya mwanamuke iko baridi. Jicho inataka baridi."

Sitaki mtu afikiri kwamba alibuni. Kwetu mtoto mchanga akiamka na tongo, mama anamkamulia tone. Nilifanyiwa hivyo, na mimi nilimfanyia mwanangu. Kosa letu lilikuwa kulichukua jicho kama kikombe, kwamba ukimimina juu, chini kutapata. Na mimi niliyechora mishale nilikaa kwenye mkeka nikafungua nguo. Kwa nini? Kwa sababu mkwe akikataa maziwa, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Na kwa sababu nilikuwa bado nadhani hana kitu. Mtu asiye na kitu, maziwa yatamdhuru nini?

Majirani walikuja kutazama. Ilikuwa burudani. Mmoja alikaa mlangoni na ndizi zake, akasema, "Sasa weye na mujukuu wako mumenyonya ziwa moja. Mumekuwa ndugu!"

"Basi muke wa mwanangu ni mama yangu," mama mkwe akajibu, maziwa yakimtiririka, "na mwanangu ni baba yangu. Aniletee kitenge ya Idi."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Wakati ule ndani ya jicho lile kulikuwa kunaharibika kitu ambacho hakirudi.

Siku ya kumi na saba aliniomba nimchemshie mubirizi. Ni majani machungu. Kila asubuhi alikuwa anakunywa kikombe kizima bila kukunja uso, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Alisema kopo liko chini ya kitanda. Nikainama, nikalivuta. Chini ya majani kulikuwa na kijitabu cha matibabu, na ndani yake vidonge, pakiti juu ya pakiti, hazijafunguliwa. Kijitabu kilikuwa cha kituo cha Gatete, si cha kwetu. Mtu wa Rumonge haendi kutibiwa Gatete ila anapotaka asionekane. Nilisoma. Ugonjwa wa sukari. Miaka miwili iliyopita.

Nilitoka nacho mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

Hakukiona, nilisimama kushoto kwake. Ilibidi nimguse nacho mkononi ndipo akajua.

"Rudisha pale."

"Imeandikwa una sukari."

"Siko na sukari. Nilikuwa nayo. Nimeifukuza."

"Umeifukuza na nini?"

"Mubirizi. Tamu inaogopa uchungu. Weye umesoma, hujui hiyo?"

"Na hivi vidonge?"

"Dawa ya kila siku ni ya mugonjwa. Nani atanunua chakula kwa mugonjwa? Weye ungenunua?"

Nilifungua mdomo nimwambie yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi. Yeye akainua mkono akapunga mbele ya uso.

"Badala ya kunipigia kelele, fukuza hizi nzi."

Hapakuwa na nzi. Nilitazama hewani, nikatazama mezani. Hapakuwa na hata mmoja.

"Nzi gani, Mama?"

"Hizi. Tangu jana."

Alikuwa anapunga mbele ya jicho la kulia.

Niliketi chini. Hasira yote niliyokuwa nimeipanga kwa ajili yake iligeuka ikanirudia mimi. Mwanamke huyu hakuwa anaigiza. Alikuwa anapofuka mbele yangu, jicho moja limekwisha, la pili limeanza, na mimi nilikuwa nimehesabu uongo wake kila siku na kumbe uongo ulikuwa mahali pengine kabisa, kwenye kopo.

Alasiri mama mkubwa alikuja kama kawaida. Alipoambiwa habari za nzi hakushtuka.

"Lala basi. Leo tuanze na la kulia."

Nilikuwa nimekaa, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

"Sikamui."

"Unasema?"

"Sikamui. Hata tone."

"Unamunyima mama ya bwana yako?"

"Damu iko nyuma ya jicho. Maziwa hayafiki. Yangefika, angekuwa anaona tangu wiki mbili."

"Damu? Damu iko wapi? Unaiona weye? Shule imekuharibu!"

"Bado haijaniharibu ya kutosha, mama mukubwa."

Mume wangu akaingia wakati huo kutoka bandarini, ambako anatengeneza injini za mitumbwi, mikono yote grisi. Alisikiliza huku, akasikiliza kule. Mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka, jicho wazi, anasubiri, hakuna anayemwinamia. Mume wangu akasema neno ambalo sijamsamehe vizuri.

"Tungoje wiki moja."

Nilimwekea kijitabu juu ya mikono yake ileile michafu. "Soma. Kushoto tulingoja. Kushoto pamekuwa ukuta. Sasa unataka na kulia? Kesho asubuhi tunakwenda Bujumbura. Ukikataa nitambeba mama yako mgongoni na mtoto kifuani, na watu wa soko wataniuliza bwana yako yuko wapi, na nitawajibu."

Akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Kisha akaenda kunawa mikono.

Bujumbura, kwenye kliniki ya macho, walimtia matone ya kufungua mboni, tukangoja. Daktari alikuwa mwanamke, si mkubwa sana kwangu, anachanganya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kama sisi sote. Alimfunika jicho la kushoto, mama mkwe akaonyesha kwa kidole alama kubwa zinakoelekea, akakosea ndogo. Akamfunika la kulia.

"Mumezima taa?" mama mkwe akauliza.

Mume wangu alitoka nje na mtoto.

Daktari alitazama muda mrefu na mashine zake, kisha akageuza karatasi akatuchorea jicho. Nililijua lile jicho. Ningeweza kumalizia mishale yake. Alisema sukari ikikaa juu miaka, mishipa midogo ya huko nyuma inachakaa na kuvuja. Retina, ule utando wa nyuma unaoonea, inakosa damu nzuri, inaotesha mishipa mipya, lakini hiyo mipya ni kama uzi uliooza. Siku moja inakatika, damu inamwagika ndani ya jicho. Mtu anaona nyuzi, nzi, moshi, pazia. Haiumi. Kwa nje hakuna kitu.

"Ni sukari peke yake?" nikauliza.

"Hapana. Tansyo inaweza. Mshipa ukiziba, inaweza. Pigo la kichwa au la jicho. Hata mwanamke akisukuma sana wakati wa kuzaa, mshipa unaweza kupasuka, ingawa hiyo mara nyingi inapona yenyewe. Ndiyo maana tunatafuta sababu kwanza. Damu ni dalili. Ukiitazama damu peke yake, hujatibu kitu."

Kuhusu kushoto alisema damu ilikuwa nyingi, ikaacha kovu, kovu likaivuta retina, nayo imebanduka. Nikamuuliza kama tungekuja wiki ya kwanza. Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi.

"Pengine tungejaribu. Operesheni ya kusafisha damu ndani ya jicho si rahisi kuipata kwetu, ningewatuma nje ya nchi. Lakini pengine."

Hilo "pengine" ninalo mpaka leo. Ningependa angesema hapana.

Nikamwambia habari za maziwa. Nilisema haraka, kama mtoto anayetaja kosa ili lipite. Hakucheka.

"Maziwa hayakuleta damu. Yangeweza kumpa vijidudu, lakini Mungu amesaidia. Yalichofanya ni kuwapotezea siku."

La kulia lilikuwa na mishipa ile mibovu, na damu kidogo. Alisema atalipiga lazeri: mwanga mkali unaochoma vitone vingi pembeni mwa retina, ili iache kuotesha mishipa mibaya. Katikati, anapoonea nyuso, hawapagusi. Atapungukiwa kidogo pembeni na gizani. "Lazeri hairudishi kilichokwenda," alisema. "Inazuia kinachokuja. Ikishindikana, kuna sindano tunayochoma ndani ya jicho."

Mama mkwe akasimama.

"Sindano mu jicho? Kachome ya mama yako."

"Ya mama yangu nimeichoma," daktari akasema. "Kaa, mama."

Akakaa.

Siku ya lazeri walimwekea kidevu kwenye mashine, wakamwambia asitikisike. Mwanga ulikuwa unapiga, kijani, kijani, na kila ukipiga alinibana mkono. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Aliniachia alama za kucha, na nilizifurahia, kwa sababu angalau kitu kimoja katika mambo haya kilikuwa kinauma pale kinapoonekana.

Tulirudi na masharti. Vidonge kila siku, mbele ya macho yangu. Sukari ipimwe, tansyo ipimwe. Mpaka damu itulie, alale kichwa kimeinuka juu ya mito. Asibebe magunia ya samaki. Na asifunge Ramadhani mpaka daktari aruhusu. Kwa hilo alilia. Jicho lilipokufa hakulia, kwa kufunga alilia kama aliyefiwa. Imamu alikuja mwenyewe kumwambia mgonjwa ana ruhusa, mama mkwe akamwitikia vizuri, na mgeni alipoondoka akasema, "Sasa wote watajua."

"Wajue," nikamwambia.

"Weye unasema wajue kwa sababu meza si yako."

Alikuwa na haki. Baadhi ya wateja walihama. Wale wa Kizuka wengi walibaki, lakini sasa wanaochambua ni mimi na mume wangu kabla hajakwenda bandarini, na tunachambua vibaya. Kazi ya shule alipewa mwingine. Watu wananiambia ni mipango ya Mungu. Nawasikiliza. Mungu hakuficha kijitabu chini ya majani, na hakumwambia muuguzi aharakishe foleni. Hakunifundisha biolojia ili nicheke puani. Ni sisi. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande kidogo cha kusema na kila mmoja alikimeza: yeye kwa ajili ya meza yake, mimi kwa ajili ya jina langu mtaani, mume wangu kwa sababu anapenda amani nyumbani. Nimekasirika na sioni kwa nini niache.

Tulirudi Bujumbura mara ya pili kwa lazeri, na mara ya tatu kwa kutazamwa. Mara hiyo ya tatu tulikwenda wawili tu, mtoto alibaki kwa mama mkubwa, ambaye tangu ule ugomvi anaongea nami kupitia watu wengine. Daktari alitazama jicho la kulia kutoka kila upande.

"Hakuna damu mpya," akasema. "Mishipa imenywea. Arudi baada ya miezi mitatu. Na baadaye tena. Hii ni ya maisha."

Tulikaa kwenye benchi la nje, tukingoja mboni zake zirudi. Alikuwa anatazama chini. Bila kugeuka akasema:

"Ulizania nakudanganya. Ile siku ya wino."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikusikia ukicheka."

Nilitaka kuomba radhi, na nilitaka pia kumwambia kwamba angefungua mdomo pale kwa muuguzi, tusingekuwa hapa. Vyote viwili vilikuwa kweli, havikutoka. Yeye akajisugua goti.

"Na mimi nilisema hapana," akasema. "Muuguzi aliniuliza vizuri, nikasema hapana."

Basi. Hatukushikana mikono. Baada ya muda akasimama, tukatoka barabarani kutafuta gari la Rumonge. Siku hizi tukitembea nakaa kushoto kwake, upande ambao haoni, kwa sababu pikipiki zinakuja bila huruma na yeye hazijui mpaka zimempita. Tulipofika kwenye njia panda akanivuta nguo.

"Pita huku kuume, nikuone. Unaongea na sijui unaongea na nani."

"Pikipiki zinatokea kushoto, Mama."

"Acha zitokee. Nimesema pita huku."

Sikupita. Nilibaki palepale, akaninung'unikia mpaka tulipopata gari.